Wema wa Kuhesabiwa Alama: Kuzitazama Gemu za Vijana Wetu

Swali ambalo wazazi wa usharika hutuletea mara kwa mara, hasa baada ya ibada tukiwa bado mlangoni tunapeana mikono, ni hili: je, ni dhambi mtoto kucheza gemu? Tumezoea kujibu kwamba inategemea anacheza saa ngapi, kwa fedha ya nani, na kama amemaliza kazi za nyumbani. Kwa gemu za mpira na za magari jibu hilo linatosha. Lakini zipo gemu nyingine ambazo ni hadithi, ndefu kama riwaya, na hadithi haipimwi kwa saa peke yake. Hadithi huulizwa inasema nini juu ya mwanadamu, juu ya jirani yake, na juu ya kile kinachomngoja mtu aliyetenda vibaya. Hizo ndizo tunazotaka kuzitazama hapa.

Katika gemu hizi, ambazo tutaziita gemu za uhusika, mchezaji huvaa nafsi ya mtu ndani ya hadithi. Anakutana na watu, wanamwambia shida zao, naye huchagua la kujibu na la kutenda. Amsaidie mjane au apite? Amuue adui aliyejisalimisha au amwache aende? Hadithi hupinda kufuatana na alichochagua, na mwisho wake huwa tofauti. Hapa Msata, penye njia panda ya magari ya Tanga na Arusha na yale yanayoshuka Bagamoyo, vibanda vya gemu vimejaa mpira. Hizi za hadithi huchezwa zaidi majumbani, kwenye kompyuta ambayo kaka amerudi nayo kutoka chuoni. Ndiyo maana wazazi hawazioni. Mpira una kelele, lakini mtoto anayeamua kama atamuua mtu au atamsamehe huwa amekaa kimya kabisa.

Wapo watakaosema jambo hili ni geni kwetu. Sivyo. Bibi anaposema paukwa, asipojibiwa pakawa hadithi haianzi. Msikilizaji wa kwetu tangu zamani ana kazi ndani ya hadithi. Tena si mbali na hapa, katika kijiji cha Msoga, miaka ya 1980 wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji kutengeneza michezo ya jukwaani juu ya matatizo ya kijiji chenyewe. Akina Penina Mlama na Amandina Lihamba walikuwa wameifanya kazi ya namna hiyo kabla yake huko Malya, mkoani Mwanza, ambako suala lilikuwa wasichana wa shule kupata mimba. Wanakijiji hawakuletewa mchezo uliokwisha andikwa mjini. Walichunguza shida yao, wakaitungia ngoma na maigizo, wakaonyesha, kisha wakajadiliana. Mwisho wa hadithi uliachwa mikononi mwa watu ambao wangeishi na matokeo yake. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba kuna hadithi ambayo msikilizaji huchagua njia yake, tusishangae. Tuulize imetungwa vizuri au vibaya.

Gemu ya kwanza kuitaja iwe ya mwaka 1985, iitwayo Ultima IV. Aliyeitunga ni Richard Garriott wa Marekani, aliyekuwa bado kijana. Gemu zake za nyuma zilikuwa kama nyingine za siku zile: unazunguka, unaua, unaiba, kisha unamshinda mwovu mkubwa. Barua za wazazi zilimfikia zikilalamika, naye akaona hakuwa amefikiri gemu zake zinafundisha nini. Basi akatunga moja isiyo na mwovu mkubwa wa mwisho. Kazi ya mchezaji ni kuwa mtu mwema, kwa fadhila nane: uaminifu, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, utu wa rohoni na unyenyekevu. Wazazi wanaodhani barua zao hazisomwi na mtu wachukue moyo hapo.

Ndani yake kuna mama kipofu anayeuza dawa za mitishamba. Anataja bei, lakini kwa kuwa haoni, wewe ndiye unayehesabu sarafu unazomwekea. Ukimpunja, hakuna anayepiga kelele. Dawa unapata na safari inaendelea. Lakini gemu imeandika, na siku utakapotaka kuhesabiwa kuwa mwaminifu utagundua kwamba njia imefungwa. Hesabu yenyewe huioni. Kuna mzee katika jumba la mfalme ambaye unaweza kumwendea akuambie umefikia wapi. Yeyote aliyewahi kumtuma mtoto dukani na chenji ikarudi pungufu anaelewa uzuri wa mtego huu. Garriott alijua kwamba uaminifu hupimwa mahali ambapo hakuna anayeona.

Hata hivyo, gemu hiyohiyo ilipanda mbegu ya tatizo lililokuja kukua. Ukimpa ombaomba sarafu moja, huruma yako inaongezeka. Mpe tena moja, inaongezeka. Mchezaji mjanja husimama mbele ya maskini yule na kumdondoshea sarafu mojamoja mpaka huruma ijae kama ndoo bombani. Sasa maskini ni nani? Amekuwa bomba.

Gemu zilizofuata ziliichukua mbegu hii na kuifanya bustani. Katika Fable, ya mwaka 2004, ukitenda mema uso unang'aa na taji ya nuru inatokea kichwani. Ukitenda mabaya unaota pembe na nzi wanakuzunguka. Katika Mass Effect, ya mwaka 2007, kuna vipimo viwili, wa wema buluu na wa ukali mwekundu, na kadiri kimoja kinavyojaa ndivyo maneno mapya ya upande huo yanavyofunguka. Mchezaji hujifunza upesi kwamba kuchanganya hakulipi. Unachagua upande siku ya kwanza, kisha unabonyeza rangi yako mpaka mwisho. Na karibu wote hubonyeza wema: mmoja wa waliofanya kazi kwenye gemu hiyo alisema mwaka 2020 kwamba kama asilimia 92 ya wachezaji walifuata njia ya buluu. Mtu angependa kufurahi kusikia hivyo. Sisi tunajiuliza wangapi kati yao walisoma maneno waliyoyachagua.

Tunauliza kwa sababu tumeona. Gemu hizi hazina Kiswahili. Kijana wa kidato cha pili anayekutana na kurasa za mazungumzo ya Kiingereza hujifunza mambo mawili tu, kwamba buluu ni nzuri na nyekundu ni mbaya, au kwamba jibu la juu ni la upole na la chini ni la ukatili. Anaokoa mji mzima bila kujua aliowaokoa walikuwa wanalia nini. Hapo uchaguzi wa maadili umegeuka kuwa taa za barabarani.

Mkristo wa Kilutheri akiziona gemu za vipimo anapaswa kushtuka kidogo, kama mtu aliyekutana njiani na jamaa yake wa zamani ambaye hakutarajia kumwona tena. Hili tunalijua! Ndilo Luther alilopigana nalo: wema kama akiba, matendo kama alama zinazojazwa kwenye daftari la mbinguni, jirani kama kifaa cha kujazia. Tulijifunza katika kipaimara kwamba Mungu hahitaji matendo yetu mema, anayeyahitaji ni jirani. Na Bwana wetu alipoieleza hukumu ya mwisho katika Mathayo 25, jambo la ajabu ni kwamba waliokuwa upande wa kuume hawakukumbuka. Waliuliza ni lini walimwona ana njaa wakamlisha. Hawakuwa na kipimo pembeni mwa macho. Wangekuwa nacho, wasingeshangaa. Na tunathubutu kusema kwamba pengine wasingekuwa upande ule.

Lakini haki itendeke, kwa kuwa si watunzi wote waliolala hapo. Mwaka 2013 Lucas Pope alitoa gemu iitwayo Papers, Please. Hapa wewe ni karani wa mpakani katika nchi ya kubuni yenye serikali kali. Watu wanapanga foleni, unakagua hati, unagonga muhuri. Unalipwa kwa idadi ya watu uliowashughulikia, na nyumbani kuna familia inayohitaji chakula, joto na dawa. Siku moja anapita mwanamume mwenye hati kamili, anakuomba umhurumie mke wake anayemfuata nyuma. Mke anafika, hana kibali. Ukimruhusu ni kosa. Makosa mawili ya kwanza ya siku ni onyo, ya baadaye yanakatwa kwenye mshahara wa kulishia watoto. Hakuna kipimo cha wema, hakuna taji, hakuna anayekupongeza. Kuna miisho ishirini, na hakuna hata mmoja unaokuja na cheti cha utakatifu. Katika sharika zetu wapo watumishi wa umma waliowahi kukaa nyuma ya dirisha kama lile, muhuri mkononi na foleni mbele. Gemu hii inamjua mtu huyo kuliko mahubiri mengi yanayomhusu. Haimwambii kwamba wema ni rahisi, wala haimpi ruhusa ya kuacha kuutafuta.

Karibu zaidi na kwetu yupo Lual Mayen. Familia yake ilikuwa inakimbia vita vya Sudan Kusini alipozaliwa, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta kwa mara ya kwanza akaitamani, na mama yake akaweka akiba miaka mitatu mpaka zikafika dola 300 za kumnunulia. Umeme haukuwepo kambini. Alitembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Gemu aliyokutana nayo ilikuwa ya ujambazi, Grand Theft Auto, akawaza ingekuwaje kwa vijana wa nchi yenye vita kufundishwa kwamba kuua ni mchezo. Akajifundisha kutunga, akatunga yake, akaiita Salaam. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo kubwa za gemu huko Marekani.

Ndani ya Salaam unakimbia. Mabomu yako nyuma, unatafuta maji na chakula ili uishi mpaka penye amani. Mayen alikusudia kwamba mchezaji anayemnunulia mkimbizi wake chakula ndani ya gemu, fedha hiyo isaidie mkimbizi wa kweli. Wakosoaji wanaweza kusema ni gemu nyepesi, kwamba haina matawi ya hadithi wala uchaguzi mzito. Ni kweli, na hapo ndipo inapotufundisha. Gemu kubwa za Ulaya na Marekani humfanya mchezaji shujaa mwenye nguvu, ambaye daima ana vitufe viwili mbele yake, na kila anapofika watu wanangoja aamue. Mkimbizi hana vitufe viwili. Ana mguu wa kulia na wa kushoto. Waliofikishwa Bagamoyo na misafara ya watumwa hawakuulizwa wachague jibu la juu au la chini. Luther naye, alipomjibu Erasmus mwaka 1525, aliandika kitabu kizima kukana kwamba mwanadamu husimama mbele za Mungu kama mteja dukani, huru kuchukua wema au kuuacha. Tukiwalea vijana kwa hadithi za mashujaa wenye uchaguzi siku zote, watawatazamaje wenzao ambao maisha hayakuwapa? Tunaogopa watawaona kama watu waliochagua vibaya.

Sasa tufike kwenye gemu iliyotusumbua kuliko zote. Inaitwa Undertale, ya mwaka 2015, na iliyobuniwa kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, Toby Fox. Ukiiona utadhani ni ya watoto wadogo. Michoro yake ni duni makusudi. Mtoto ameangukia chini ya ardhi, kwa viumbe wa ajabu waliofungiwa huko na wanadamu. Kila anayekushambulia unaweza kumuua, kama gemu zote zinavyofundisha, lakini pia unaweza kumwonea huruma: kuzungumza naye, kumchekesha, kumvumilia akikupiga, mpaka aache. Inawezekana kuimaliza gemu nzima bila kuua hata mmoja. Wanaoua hupata pointi na kupanda ngazi kama kawaida, na karibu na mwisho ndipo wanaambiwa kwamba zile pointi zilikuwa hesabu ya kuua, na ile ngazi ilikuwa kipimo cha ukatili wao. Kipimo kilikuwepo tangu mwanzo, ila kilikuwa kinahesabu kitu kingine. Mwaka 2016 kijana mmoja Mmarekani, mtangazaji wa mambo ya gemu, alimzawadia Papa Fransisko gemu hii. Hatutaki kumsemea Baba Mtakatifu kama aliicheza.

Lililo kubwa ni kumbukumbu. Katika gemu karibu zote, ukikosea unarudi pale ulipohifadhi mchezo, wanapoita kurudi kwenye sevu, na kosa linakuwa halikutokea. Undertale inakukatalia. Ukimuua yule mama mpole wa mwanzo, Toriel, kisha moyo ukakuchoma ukarudi kwenye sevu na kumwacha hai, linatokea ua moja lenye sura ya mtu na kukwambia kwamba linajua ulichofanya. Na ukiifuata njia ya kuua wote hadi mwisho, ulimwengu ule unateketea. Unaweza kurudishiwa, lakini kwa kuitoa nafsi yako, na tangu siku hiyo hata ukicheza kwa wema kamili, mwisho mwema una doa.

Mmoja wa vijana wetu wa kipaimara ameicheza kwenye kompyuta ya kaka yake. Jumamosi moja, tukiwa kwenye somo la Ungamo, aliinua mkono. "Mchungaji, kama Mungu anasamehe dhambi zote, si ni sawa na kurudi kwenye sevu?" Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka, maana ni swali ambalo watu wazima hubeba miaka mingi bila kuthubutu kulisema, na wengine hulijibu kwa maisha yao: wanatenda, wanaungama, wanatenda tena, kama mtu mwenye sevu isiyoisha.

Jibu lipo katika Maandiko, na lina uzito kuliko vijana wanavyotarajia. Daudi alipoambiwa na Nathani kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake, Uria hakufufuka. Mtoto akafa. Msamaha ulikuwa wa kweli na kaburi lilikuwa la kweli. Petro alimkana Bwana mara tatu penye moto wa makaa, na Yohana anatuonyesha kwamba baada ya kufufuka Yesu aliwasha moto wa makaa ufukweni, akamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakumrudisha nyuma ya kukana kwake. Alimpitisha mle mle. Na mwili uliofufuka wenyewe ulikuja na alama za misumari; Tomaso aliambiwa aziguse. Kama Mungu angetaka kurudi kwenye sevu, hapo ndipo pangefaa.

Kwa hiyo tunaiweka Undertale juu ya gemu za vipimo, na juu sana ya zile zinazofuta kila kosa kwa kitufe. Inajua kwamba aliyeuawa ameuawa. Lakini tuna neno dhidi yake. Ina huruma nyingi kwa adui ambaye bado hujamdhuru. Kwa mchezaji aliyekwisha kuua na kujutia haina kitu. Inamkumbusha tu. Ua lile linajua ulichofanya, na kujua kwake ni kwa kukucheka. Zile gemu nyingine zina msamaha usio na kumbukumbu. Hii ina kumbukumbu isiyo na msamaha. Hatudhani Fox alipungukiwa na kipaji. Kusamehewa ni neno linalotoka kwa mwingine, kwa sauti, kwa mtu aliyekosewa au kwa aliyetumwa na Mungu kulisema, na mashine inayocheza na mtu mmoja chumbani haina huyo mwingine.

Tulimweleza kijana haya kwa kadiri ya umri wake. Alisikiliza, kisha akatuambia kwamba kumbe ipo njia: kuna mafaili yaliyofichwa ndani ya kompyuta, ukiyafuta gemu inasahau kila kitu na mwisho mwema unarudi safi. Kaka yake alishayafuta.

"Ikawa safi?" tukamuuliza.

"Gemu ilikuwa safi, Mchungaji. Ila mimi bado nakumbuka."

Tukafungua Katekisimu Ndogo pale tulipokuwa tumeachia, kwenye maneno ambayo mchungaji humwambia aliyeungama, tukayasoma pamoja polepole mara mbili. Somo likaishia hapo, maana wingu lilikuwa limetanda na wengine walikuwa na safari ya kurudi Kihangaiko kwa miguu.